Vumbi la mgodi wa dhahabu lilimuua mjomba, wakasema ni kifua kikuu

Wakuu, salaam zenu.

Haya niliyaona kwa macho yangu Temeke, enzi za Mwingereza. Umri umekwenda ila bado yananichoma, so mnivumilie.

Mjomba wangu Seif alikuwa anachoronga mwamba, yaani kuutoboa kwa mashine, chini ya ardhi, mgodi wa dhahabu huko bara. Alirudi kwetu hana pumzi. Kwenda bombani tu, anakaa njiani.

Siku moja likaja lori Chang'ombe, hatua chache tu toka kwetu. Wakala wa mgodi anatafuta vijana. Mie na rafiki yangu Athumani tukaenda.

Wakala akatupitishia jiwe linalometameta manjano. "Kule mnalikanyaga tu hili."

Tukachanganyikiwa kwa tamaa.

Mara mjomba huyo, anajikongoja. Akalichukua lile jiwe.

"Hii si dhahabu. Ipige nyundo, inapasuka na kunuka kibiriti. Dhahabu ya kule huioni, imo ndani ya jiwe jeupe gumu. Ukilichoronga bila maji linatoa vumbi kama unga. Sisi maji walitunyima, eti yanachelewesha kazi. Vumbi hilo ndilo limo kifuani mwangu."

Siku hizi la kung'aa mnaliita pyrite, na jeupe ni quartz. Google wenyewe.

Wakala hakubishana naye. Akatugeukia sie.

"Huyu mzee ana kifua kikuu. Kaeni mbali, atawaambukiza."

Wakuu, watu wakarudi nyuma. Majirani zetu, waliokuwa wanakula pilau kwetu kila Idi. Mjomba akabaki peke yake katikati.

Nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani. Athumani akapanda lori.

Tangu hapo mwenye nyumba akataka mjomba atoke. Mama akamjibu, "Akitoka kaka yangu, tunatoka wote."

Mjomba hakumaliza mwaka. Alipofariki, waoshaji wakakataa kumgusa. Nilimwosha mie na baba, mlango umefungwa, nje hakuna hata wa kutupa pole.

Athumani naye alirudi baadaye, anakohoa vilevile. Huyo hakuna aliyemkimbia, maana wakala hakuwepo wa kuwatisha watu.

Nilichojifunza: ugonjwa wa kazi ukipewa jina lingine, aliyeuleta anaenda zake, anayetengwa ni mgonjwa.

Kama kwenu kuna mzee aliyechoronga, muulize kifua kilimwanzaje, uje utuambie hapa. Na wewe unayesema natunga, andika tu, nitakujibu.