Orodha ya Waliokula Mkate

Pampu ya kigango chetu iliharibika wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Fimbo za chuma zilizo ndani ya bomba zilikatika zikatumbukia kisimani, na mkono wa pampu ukabaki kupanda na kushuka bure. Mvua fupi zilikuwa zimetunyima. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na kijito nyuma ya shule kikageuka njia ya mbuzi.

Mimi ni katekista. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa ubatizo kwamba ukisimama mbele za Mungu, kwanza unashukuru, halafu ndipo unaomba. Naamini hivyo mpaka leo. Lakini mwaka huu nimejifunza kwamba si kila aliye mbele yako ni Mungu.

Mke wangu, kama wanawake wote wa kwetu, alianza kuvuka Mto Malaba kwenda kuchota upande wa Uganda. Mto wenyewe ulikuwa umepungua kiasi cha kuvukwa kwa kukanyaga mawe. Pampu ya kule ilitunzwa na mama mmoja mnene mwenye kelele, na kila asubuhi aliwapokea wetu kwa maneno.

"Karibuni, matajiri wa Kenya! Kwenu kuna lami, kuna stima. Maji mmeyauza?"

"Tuliwaazima nyinyi," mke wangu alimjibu siku moja. "Tumekuja kuyachukua."

Alinisimulia hayo akicheka. Wiki ya tatu hakucheka. Aliteleza kwenye ukingo akiwa na mtungi kichwani, akaangukia jiwe, na goti likavimba hata akashindwa kupiga magoti kanisani. Kesho yake alifunga kitambaa akaenda tena. Mimi nilikuwa na mafundisho, nilikuwa na wagonjwa wa kutembelea. Naandika hili kwa aibu: haikunijia akilini kwamba mtungi ule ungeweza kubebwa na mimi.

Ndipo tukaitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, katika darasa la shule ya msingi. Maofisa walisema wanataka kujua wananchi wanahitaji nini. Niliombwa kufungua kwa sala, nikafungua. Wanawake watatu walisema pampu. Mimi nikasema pampu, nikaeleza habari za fimbo, nikaeleza na habari za goti. Ofisa alitikisa kichwa kwa huruma akaandika. Mwishoni tuligawiwa soda na mkate, na karatasi ikapitishwa: jina, kitambulisho, sahihi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kutia sahihi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Wametusikia."

Kilichokuja ni lango. Nguzo mbili za saruji kwenye njia panda ya soko letu, tao juu yake, taa za rangi, na neno KARIBU kubwa kuliko dirisha la kanisa. Siku ya kulizindua, lori la maji lilitangulia. Nilipoliona nilivua kofia nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lori likafungua bomba lake la nyuma likaanza kunyunyizia barabara, ili vumbi lisiwapate wageni. Wanawake walikimbia nyuma yake na mabeseni na sufuria, wakikinga kilichoweza kukingwa. Dereva aliwapigia honi.

"Akina mama, mtaumia! Ondokeni!"

"Simamisha basi, mwanangu!" mmoja alimlilia. "Jaza hata beseni moja!"

Hakusimama. Na mimi, nilipoitwa kwenye jukwaa, nilifanya nini? Niliomba kama nilivyozoea. Nilishukuru kwa viongozi, nikashukuru kwa mradi. Mheshimiwa aliyekuja kulizindua alisema amina kwa nguvu kuliko wote.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma na beseni lake lenye maji ya tope. Jioni aliniwekea chakula bila maji ya kunawa.

"Nenda ukanawe langoni," alisema.

Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi ya maofisa wale. Nilimkuta binti mmoja mpole aliyeniita baba na kunipa kiti. Nilimuuliza pampu yetu imefikia wapi. Alifungua faili, akasoma, akanitazama kwa mshangao.

"Lakini baba, nyinyi wenyewe mlichagua lango. Wananchi waliridhia. Tazama, jina lako ndilo la kwanza."

Lilikuwa langu kweli, kwa mwandiko wangu. Juu ya orodha ilikuwa imebandikwa karatasi nyingine, iliyopigwa chapa, ya kuridhia lango, ambayo sikuwahi kuiona.

"Binti yangu," nilisema, "hii ni orodha ya waliokula mkate."

Alifunga faili polepole. "Mimi nililikuta hivi, baba. Subirini mkutano mwingine."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikuijua tangu ujana. Nilikasirikia ofisi, na nilijikasirikia zaidi mimi, mtu wa kusoma Maandiko kila siku, niliyetia sahihi bila kuuliza sahihi ni ya nini. Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, kisha akasema, "Dhambi ni ya aliyebandika. Lakini malipizi nitakupa: usitie sahihi tena kabla ya kusoma."

Mkutano uliofuata niliombwa tena kufungua. Nilisali kwa ufupi: "Bwana, tuna kiu. Amina." Karatasi ilipofika, ilikuwa na mistari mitupu, haina kichwa. Nilichukua kalamu nikaandika juu kabisa, nikavuka ukurasa mzima: Sisi tulioandika hapa tumekuja kuomba pampu itengenezwe. Ndipo nikaandika jina langu.

"Mzee, unaharibu fomu!" ofisa alisema.

"Naisaidia."

Aliyekuwa nyuma yangu alisoma, akacheka, naye kando ya jina lake akaandika pampu. Aliyemfuata vivyo hivyo. Bibi mmoja asiyejua kuandika alinisukuma begani: "Katekista, na mimi niandikie pampu. Mbili." Ofisa aliikunja karatasi ile na kuitia mfukoni, wala hakuiweka kwenye faili. Mkate aliugawa hata hivyo, nasi tukaula.

Miezi miwili imepita. Hakuna fundi aliyekuja. Nimekwenda ofisini mara nne, na nitakwenda ya tano. Nashukuru Mungu kwa uhai na kwa goti linalopona taratibu, lakini siwezi kusema moyo wangu umetulia.

Siku ile nilipofika nyumbani kutoka mkutano huo wa pili, mke wangu aliuliza wamesemaje. Nikamwambia hawajasema kitu. Nikafunga mitungi miwili kwenye baiskeli yangu na kuisukuma hadi mtoni, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayekwenda.

Yule mama wa Uganda aliponiona mara ya kwanza alipiga makofi.

"Leo Kenya imetuma wazee! Mzee, tumesikia mmejengewa lango. Wanasema ni zuri sana, linawaka usiku kucha."

Mdomo wangu ulifunguka, kwa mazoea, useme asante. Nikaufunga. Nikashika mkono wa pampu nikaanza kupiga, na mitungi ilipojaa, ile asante nikampa yeye.