Nilimchagulia mke wangu dume la msiba, kumbe uvimbe wa kichwani haukuwa saratani

Wakuu, wachache mnaonizidi umri shikamooni. Wengine wote marahaba. Haya ni ya kweli, na mpumbavu aliyemo ni mimi.

Ilikuwa miaka ya themanini, Karatu. Mke wangu, Mama Paulo, alikatwa titi kwa saratani. Akapona, akarudi kwenye maharage yake na kwenye kunigombeza.

Miaka michache baadaye kichwa kikaanza kumuuma kila asubuhi. Jicho la kushoto likaingia ukungu.

Mimi ndiye niliyekuwa Form Four pekee kitongojini. Barua za watu wote nasoma mimi. Nani angenifundisha?

Nikatangaza: saratani imepanda kichwani, hospitali ni kumtesa bure.

Miezi saba, wakuu. Yeye anapapasa kutafuta chumvi, mimi napokea pole. Mgane mwenye mke hai!

Nikapanda kwa miguu hadi Nainokanoka, huko juu Ngorongoro. Kwetu Wambulu ng'ombe wengine huwekwa kwa rafiki. Wangu walikuwa kwa Lemayan, mfugaji wa Kimaasai ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Nikamwomba anitengee dume la kulisha waombolezaji.

"Nani amekufa?"

"Bado. Mama Paulo. Saratani imempanda kichwani."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anakugombeza?"

"Kila siku."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Wewe Mmbulu! Ng'ombe wangu akiota uvimbe, naupasua nione ni kitu gani. Wewe ndani ya kichwa cha mkeo umechungulia lini? Dume la msiba sikupi. La nauli chukua."

Tukafika Dar kwa pesa ya dume lile, mimi na Mama Paulo.

Daktari akasema si saratani. Ni uvimbe ulioota kwenye utando unaofunika ubongo, unakua taratibu. Wanawake waliougua saratani ya titi wakati mwingine hupata na huu, sababu hawaijui vizuri, lakini ni ugonjwa mwingine, si ule wa kwanza uliotembea.

Wakautoa. Kichwa kikapona.

Jicho halikurudi. "Mngekuja mapema," daktari alisema, akiniangalia mimi.

Mama Paulo yupo hadi leo. Kanisani hunivuta kuliani kwake. "Kaa huku, Form Four, nikuone. Upande ule ulishauzima."

Nakaa.

Kwa hiyo aliyewahi kuugua saratani akiumwa kichwa, msimhukumu kwa elimu ya kusoma barua. Mpelekeni akapimwe, tena wiki hiyohiyo.

Na kama humu yupo mwingine aliyemwandalia msiba mtu anayekula, ajitokeze, nisichekwe peke yangu.