Nywele za Kisogoni

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na dakika ishirini mchana, nywele zangu ziliponiteremkia usoni. Saa naijua kwa sababu mwalimu wa Siasa alikuwa ametoka kutazama yake na kutuambia tumebakiwa na dakika kumi za mazoezi. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili juani, mbele ya mlingoti wa bendera, tukirudia ngonjera ya kuwapokea wageni wa mkoa. Ubeti wangu ulikuwa wa tano, wa kuisifu korosho. Nilipofungua mdomo nikahisi kitu kama konokono kinatambaa kwenye paji la uso, kisha kikaanguka mchangani.

Mvulana aliyesimama kando yangu, ambaye hanyamazi hata mazikoni, akainama akakiokota.

"Ndugu mwanafunzi," akasema, huku akikiinua juu kila mtu akione, "mali ya umma imeanguka."

Walicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuangalia. Mwalimu akaja.

"Nini hicho?"

"Nywele, mwalimu," nikasema.

"Za nani?"

"Zangu."

"Kama ni zako, mbona ziko mkononi mwake?"

Akanitazama kichwani, mbele, kisha akanizungusha akatazama na nyuma, akaguna. "Kesho saa nne wageni wako hapa. Ukija na kichwa cha namna hiyo, nitakuweka mstari wa nyuma na ubeti wako atausema mwingine."

Nilipochaguliwa, niliomba homa inipate ili nisisimame mbele za watu. Mimi nikiitwa jina tu darasani natokwa jasho viganjani. Lakini wiki tatu nzima nilikuwa nimeusema ubeti ule chooni, kisimani, na mbele ya kuku wa shangazi, mpaka ukawa wangu. Sasa kila nikimfikiria mwingine akiusema, nilikuwa nauanza upya kimoyomoyo.

Kwetu ni Kitaya, huko mpakani, kando ya Ruvuma. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja tulikuwa tunabangua korosho nyumbani, tunazichoma kwenye bati lililotobolewa. Niliinama mno kupuliza moto, maganda yakalipuka, mafuta yakanirukia. Anayeyajua mafuta ya ganda la korosho anajua kwamba hayaunguzi kama maji ya moto, yanakula. Tangu siku hiyo, juu ya paji la uso upande wa kushoto, pana mahali peupe panapong'aa, ukubwa wa nusu ya yai, pasipoota hata unywele mmoja. Kijijini hakuna aliyeuliza. Lakini nilipofaulu nikaletwa mjini, makao ya mkoa wetu, kwa shangazi yangu wa Magomeni, dada yake baba, mambo yakawa mengine. Shuleni mtandio tunauvua langoni.

Shangazi hawezi kuona tundu akaliacha. Anaziba ndoo, anatia viraka magunia, anashona hata kandambili iliyokatika. Jumapili iliyotangulia alinikalisha kwenye kigoda akaniambia, "Mpunga ukikosekana kona moja ya shamba, tunafanyaje? Tunang'oa miche palipojaa, tunapanda palipo tupu." Akakata nywele zangu za kisogoni, akapaka ulimbo wa mkorosho kwenye lile kovu, ulimbo ule ule tunaobandikia majalada ya madaftari, akazipanda kifungu kwa kifungu kwa njiti ya kiberiti. Kazi ile ilimaliza mchana wote. Nami nilimwacha. Tena nilifurahi; siku tatu zilizofuata sikupita dirisha lenye kioo bila kujitazama.

Ukweli ni kwamba zilikaa vibaya tangu siku ya kwanza. Nywele zangu zote zinalalia kulia, zile zilisimama wima kama brashi ya viatu. Kisogoni alikozitoa paliachwa uwazi, kwa hiyo sasa nilikuwa na mapengo mawili badala ya moja. Na paliwasha. Lakini jambo linalonitia hasira mpaka leo ni kwamba hakuna mtoto wa huku asiyejua kuwa daftari lililobandikwa kwa ulimbo wa mkorosho likinyeshewa mvua jalada linabanduka. Tulijua sote wawili. Hatukufikiria jasho.

Mazoezi yalipokwisha nilikwenda kwanza zahanati, kitabu nimekishika juu ya kichwa kama ninajikinga jua, maana mtandio ungenata kwenye ulimbo. Mganga alikuwa mzee mpole wa miwani. Alinilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akatoa vifungu vilivyobaki kimoja kimoja. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu na inatoa maji.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Shangazi. Kanihamishia nywele za kisogoni."

Hakucheka. Akaniambia amesoma kwamba Ulaya wanafanya hivyo hivyo, wanachukua nyuma wanapanda mbele. "Ila wao wanahamisha na kipande cha ngozi, na mzizi wake. Shangazi yako kapanda majani bila mizizi." Nikamuuliza kama hapa inawezekana. Akatikisa kichwa. Hapa, akasema, nisibandike tena kitu mpaka ngozi ipone, nisiwe na haraka, na nikitaka kichwa kilingane ninyoe chote. Akanipaka dawa ya zambarau. Nilitoka na doa ambalo lingeonekana hata kutoka Mikindani.

Nikaenda Shangani kwa rafiki yake shangazi, mama mmoja ambaye watu wanasema zamani alikuwa anavaa wigi. Ni kweli alikuwa nalo. Alifunga mlango, akalitoa chini ya sanduku, likanuka dawa ya nondo. Akanivika.

"Umekuwa bibi harusi," akasema.

"Nitapita nalo barabarani?"

"Upite nalo wapi, mwanangu? Vijana wa chama watakuvua mbele ya watu wote, wanasema wigi ni uzungu. Mimi nalivaa humu ndani tu, nikipika."

Basi alinivika ili iweje? Nilisema ahsante, nikamuaga kwa adabu, na njia nzima hadi Magomeni nikawa napiga mawe teke.

Shangazi alikuwa anachambua mchicha uani. Nilipomweleza, mikono yake haikusimama.

"Nilipaka ulimbo kidogo. Tutaongeza."

"Shangazi, ngozi inatoka maji."

"Basi masizi na mafuta ya nazi. Kwa mbali nani atajua?"

"Jua likiwaka yatanitiririka kwenye shati jeupe. Mganga amesema ninyoe."

Hapo ndipo aliposimamisha mikono. "Kunyoa? Msichana akinyolewa kichwa chote huku kwetu, ama kafiwa, ama katoka unyagoni. Na hujafiwa. Wavulana watakuimbia mwali mpaka umalize shule. Mganga yule hana binti?"

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Kila njia niliyoijaribu iliishia kwenye mlango uliofungwa. Nilitaka kumwambia kwamba nisingekuwa na haja ya kuchagua kama angeniachia kovu langu lilivyokuwa. Nilimtazama vidole, kimoja bado kina ulimbo mkavu kwenye ukucha, nikashindwa. Nikaingia ndani nikajilaza kifudifudi. Baadaye nilimsikia akiwaambia kuku, "Nilitaka apendeze tu."

Asubuhi niliamka kabla yake. Nilichemsha maji, nikaosha kigoda, nikaweka wembe mpya juu ya kitambaa. Alipotoka nikasema, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akautazama wembe. "Watasema."

"Watasema. Lakini nyuma sikai."

Halafu akakunja kanga yake, akaniinamisha kichwa, akaninyoa taratibu sana, akizunguka lile doa la zambarau bila kuligusa. Mara moja aliniambia nisitikisike. Mwisho akapuliza vinywele shingoni mwangu.

"Una kichwa kizuri," akasema. "Cha babu yako."

Langoni yule mvulana alikuwa ameshasimama, na ameshaanza. "Mwali huyo! Mwali katoka!" Wenzake wakapiga makofi. Nilipita katikati yao, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa Siasa, nikasimama mbele yake nikageuka mwenyewe, mbele na nyuma. Akasema, "Haya. Nafasi yako."

Wageni walikaa kivulini, sisi juani. Mwenye ubeti wa nne hakuwa amemaliza mstari wake wa mwisho nilipoanza wa kwangu, nikamfunika sauti, na mwalimu akanikodolea macho. Sikuacha. Niliisifu korosho kutoka mwanzo hadi mwisho, jasho likinishuka usoni, na hakuna kilichoanguka.