Namba Iliyojitaja Yenyewe

Vita vilipoanza, mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu ya Nyabusozi aliitwa pamoja na mgambo wenzake kwenda mpakani, na mwalimu mkuu akanikabidhi kipindi chake. Nilikuwa binti kutoka Nyamiaga, bado najifunza ualimu. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, lakini katika kijiji kile cha ujamaa hapakuwa na mwingine.

Darasa la sita lilikuwa na watoto wa Wasubi na watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Wengi walichanganya l na r. "Three" waliandika "thlee", na "eleven" ikawa "ereven". Nilisahihisha mpaka nikachoka, na kesho yake makosa yalikuwa yaleyale.

Chaki zilipotuishia, niliwatoa uwanjani, kila mtu na kijiti chake. Nikaipa kila herufi namba kwa mpangilio: A moja, B mbili, hadi Z ishirini na sita.

"Andikeni 'three' mchangani," nikasema, "kisha jumlisheni herufi zake. Asiyepata hamsini na sita amekosea mahali."

Waliopata hamsini wakainama tena. L ni kumi na mbili, R ni kumi na nane. Wakaiona wenyewe sita iliyopotea, wakafuta kwa kiganja, wakaandika upya. Tangu siku hiyo hawakutaka kipindi kiishe.

Mwalimu wa hesabu, Mhaya mtu mzima ambaye umri ulimwepusha na vita, alikuja kutazama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mchezo mzuri, ila hauna mwisho. 'One' inatoa thelathini na nne, 'two' inatoa hamsini na nane. Hakuna namba ambayo jina lake linaileta yenyewe."

"Umetafuta?"

"Ya nini kutafuta kisichokuwepo?"

Watoto walimsikia. Alipogeuka tu, wakaanza kuitafuta.

Walihangaika siku kadhaa. Kisha msichana mmoja wa Kisukuma, mkimya, aliyezoea kufika shuleni akiwa ameshakamua ng'ombe, akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, namba ndogo majina yake karibu yote yanazidi namba zenyewe. Lakini 'one thousand' haifiki hata mia mbili. Lazima mahali fulani zikutane."

Nikaligawa darasa, kila kundi mia yake ya namba, na yeye akachukua zile zinazoanzia mia mbili. Hata mapumziko hawakwenda kucheza. Jua lilikuwa limepanda sana aliponiita kwa sauti ndogo.

Alikuwa ameandika "two hundred and fifty one". Nikapiga magoti kando yake, tukajumlisha pamoja: hamsini na nane, sabini na nne, kumi na tisa, sitini na sita, thelathini na nne. Mia mbili hamsini na moja. Nikarudia kuanzia mwisho. Ikaja ileile.

Mwalimu wa hesabu aliitwa. Alijumlisha kwa fimbo yake, herufi baada ya herufi, kisha akampa yule msichana mkono kama anavyopewa mtu mzima.

"Umenishinda," alisema. "Na nimefurahi kushindwa."

Hapo watoto wakalipuka. Kelele zilifika shamba la kijiji, na watu wakaacha majembe wakaja mbio, wakidhani habari za ushindi zimefika kutoka mpakani.

"Tumeshinda?" mama mmoja aliuliza, akihema.

"Ni hesabu, mama," nikamjibu. "Hesabu ya Kiingereza. Aliyeipata ni huyu."

Akamtazama msichana, akatazama yale maandishi asiyoweza kuyasoma, akapiga kigelegele kirefu. Wanawake wengine wakampokea. Watoto wakambeba mwenzao juu wakazunguka naye uwanja, huku wakiitaja ile namba kwa Kiingereza, kila r mahali pake. Nami nilisimama kati yao, vumbi magotini, nikijiona mwalimu kwa mara ya kwanza.