Vibua vya Njia Panda ya Msata

Mwaka 1931, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na shule yangu ikaishia hapo. Nilibeba samaki kichwani kutoka Mbegani kwenda Bagamoyo mpaka ndevu zikaniota. Sikusoma, lakini kichwa ninacho. Ndicho kilichonipa wazo la kukaanga vibua na mihogo pale njia panda ya Msata, niwauzie abiria wa malori. Nikamweleza rafiki yangu Salimu, mwenyeji wa pale, anipe maoni.

"Zuri," akasema, "ila usisahau ndimu."

Nikaenda Saadani kutafuta samaki, nikakaa zaidi ya mwezi. Huko wivu ukaanza kunitafuna. Kwa nini nilimwambia Salimu? Akinitangulia je?

Siku niliyorudi Msata nikaona moshi uani kwa Salimu. Karai liko motoni, vibua, mihogo, na ndimu zimekatwa. Watu wamejaa wanakula, mpaka dereva wa lori nililokuja nalo. Nikapita katikati yao, nikatupa shilingi kwenye sinia.

"Niuzie na mimi, mwizi wa mawazo ya wenzio."

Watu wakaacha kula. Salimu akaiokota shilingi, akaipangusa mafuta, akanirudishia.

"Kaa ule, ndugu yangu. Hii ni arobaini ya mama yangu. Tulikutafuta siku ya mazishi, hukupatikana."

Nikakaa, nikala.

Leo nina mgahawa Msata, nyumba ya bati Bagamoyo, minazi na mashua mbili. Salimu hana mgahawa, lakini uani kwake watu hawakauki, na kwa hilo ninamwonea wivu mpaka leo.