Senti Saba Kutoka Mchanga wa Isiukhu

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umetanda juu ya mto Isiukhu. Zipporah Mideva anatembea polepole kwenye ufuo wa mchanga, buti za mpira zikizama, mkononi ameshika fimbo ya chuma yenye sahani mwishoni. Anaipeleka sahani kushoto, kisha kulia. Mashine inalia. Anapiga magoti na kuchimba kwa mwiko.

"Kifuniko cha soda," anasema, akikitia mfukoni. "Siku nyingi huwa hivi."

Mideva, mwenye umri wa miaka 46, hutafuta sarafu za zamani. Mashine yake ya kutambua madini ni kama zile za wachimbaji dhahabu wa Kakamega. Aliinunua kwa mchimbaji aliyechoka na mashimo akarudi kulima. Kabla ya daraja kujengwa, watu walivukia hapa wakiwa wamekunja nguo, na pesa zikawadondoka. Mvua kubwa ikipita, mto hufukua mchanga, naye huteremka.

Sarafu moja ya enzi za ukoloni humpa kati ya shilingi mia moja na mia tatu, kutoka kwa mnunuzi wa mjini anayewauzia watalii. Lakini tangu mwezi wa Mei hajauza hata moja.

Siku moja mwezi huo, mashine ililia kwa nguvu karibu na mawe ya kufulia. Alichimba hadi mkono ukazama mpaka kiwikoni, akatoa senti saba zenye tundu katikati, zote zimetungwa kwenye waya wa shaba. Duara lake lilikuwa dogo, la kiuno cha mtoto.

Mnunuzi alipotumiwa picha, alisema atakuja baada ya siku mbili. Mideva akaziosha, akazianika uani kwenye sinia. Mama mkwe wake, Awinja, mwenye umri wa miaka 76, akapita akitoka kuchuma kunde. Akasimama. Kisha akaketi chini, pale pale vumbini.

"Akasema, 'Hizi nilimfunga mimi,'" Mideva anakumbuka. "Nikamuuliza, 'Nani, Mama?' Akasema, 'Yule aliyechukuliwa na mto.' Nimekaa boma hili miaka mingi. Sijawahi kusikia kuna mtoto alichukuliwa na mto."

Asubuhi yake, alipopelekewa chai, Awinja alikuwa amebadilika. "Si zake," alisema. "Watoto wengi walikuwa wanafungwa senti. Uza." Jioni akauliza zimewekwa wapi. Alipoambiwa mnunuzi anakuja kesho, akasukuma kando sahani ya obusuma, yaani ugali.

Mideva alimpigia mnunuzi simu, akamwambia asije.

"Alikasirika. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia hata mimi sijui."

Mumewe, Shikanga, hukata miwa huko Kabras na kurudi nyumbani Jumamosi. Yeye ndiye aliyevurugika zaidi.

"Maisha yangu yote nimeitwanga kifungua mimba," anasema, akicheka bila furaha. "Kwa harusi, kwa matanga, mimi ndiye husimama kwanza. Sasa mimi ni wa ngapi? Nikimuuliza Mama, ananiuliza kama nimekula."

Mwandishi huyu alipomtembelea Awinja, alimkuta mlangoni akichambua kunde. Alizungumzia mvua, kisha bei ya sukari. Kuhusu senti alisema neno moja tu: "Zinafanana." Zinafanana na nini? Akaendelea kuchambua.

Wiki mbili zilizopita, bila kuitwa, Awinja alianza kumfuata Mideva mtoni. Amemweleza kwamba waya wa mtoto wake ulikuwa na njuga moja ndogo. Huu hauna. Kwa hivyo Mideva amepanga kupekua ufuo wote kabla ya mvua za Agosti kuufunika tena. Njuga ikitokea, angalau boma litajua kwamba senti hizi zilikuwa za mtoto huyo.

Leo Awinja anafika saa nne, akiegemea fimbo. Anaketi mchangani, miguu ameinyoosha, macho kwenye maji. Mashine inalia. Mideva anamgeukia.

"Nichimbe, Mama?"

"Ngoja."

Mto unapita.

"Haya, chimba."

Ni msumari. Awinja anauchukua, anaugeuzageuza, anaurudisha.

"Nikitoka nyumbani naombanga Mungu tuipate hiyo njuga," Mideva anasema kwa sauti ya chini, akipangusa mwiko. "Nikifika hapa, nikimwona Mama ameketi hivi, naomba tusiipate. Sijui ni ombi gani atasikia."