Mkimbio Mmoja wa Cliff Haslam

Saa moja asubuhi, uwanja wa Marlow Lane hauna mtu ila Cliff Haslam. Anaijaza mipira mashine ya kurushia, anakimbilia upande wa pili, anaipiga ikija, kisha anazunguka kuiokota mmoja mmoja. Viatu vyake vimelowa chapachapa kwa umande.

"Mwenzangu wa mazoezi huyu," anasema akiipiga kofi mashine. "Halalamiki, wala haombi chai."

Cliff, mwenye miaka thelathini na sita, ni mrushaji wa timu ya kriketi ya kaunti. Kupiga si kazi yake. Huingia wa mwisho, wenzake wakiwa wameshaanza kufunga mabegi, na hutoka kabla hajapata joto. Maisha yake yote ya mchezo hajafikisha mikimbio hamsini katika zamu moja ya kupiga, alama ambayo mpigaji akiifikia huinua gongo lake la kupigia kwa wenzake, kisha kwa mtu wake jukwaani.

Septemba, katika mechi ya mwisho ya msimu, aliikaribia. Aliingia timu ikiwa hoi, akaanza kupiga kila kilichokuja.

"Kaka, umepotea njia?" mlinda wiketi wa wapinzani, anayesimama nyuma ya vijiti vya mpigaji, alimtania. "Huku ni kwa wanaojua."

"Nielekeze basi, maana mpira unanifuata wenyewe," Cliff akamjibu.

Alasiri ubao wa alama ukaonyesha hamsini. Wazee wachache waliojifunika mablanketi wakapiga makofi. Cliff akavua kofia ya chuma, akainua gongo kwa wenzake, kisha akageukia kiti alichozoea kukaa Janine, mkewe, kabla hawajaachana.

"Palikuwa na koti la mtu," anasema. "Nikaliinulia koti. Ningefanyaje?"

Kumbe ubao ulikosea. Mpira mmoja ulikuwa umegonga paja lake, si gongo, na mkimbio wa namna hiyo ni wa timu, si wa mpigaji. Namba ikarudishwa arobaini na tisa gongo likiwa bado hewani. Mpira uliofuata ukaangusha vijiti vya wiketi yake, akatolewa.

Jioni ile alirudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja mezani.

"Nilitaka kumsimulia mtu. Nikalisimulia birika."

Anacheka, kisha anainama kuokota mpira. Inauma kumtazama.

Bernard Tunnicliffe, mstaafu anayebadilisha namba za ubao kwa mkono akiwa ndani ya kibanda chake, hajajisamehe mpaka leo. Alimfuata Cliff chumba cha kubadilishia nguo akiwa na kipande cha keki kwenye leso.

"Niwie radhi, kijana wangu. Macho yalinidanganya."

"Usijali, mzee. Macho yako yalinitakia mema."

Kaunti imempa Cliff msimu mmoja zaidi, wa mwisho, na wamemwambia wazi kuwa ni kwa ajili ya kurusha tu. Hata hivyo kila asubuhi yuko hapa na mashine yake. Anautaka ule mkimbio mmoja.

Na akiupata, atamwinulia nani gongo?

Cliff anatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye kibanda cheusi cha ubao chenye kidirisha kidogo.

"Kule," anasema. "Angalau najua ndani kuna mtu."